Namna ya Kujaribu Manukato ya Tini, Viungo na Ubani kwenye Ngozi za Watu Mbalimbali: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia kuhusu manukato ya tini yanafanana kama mapacha. Mtu ananusa kikaratasi katika duka la Kariakoo, anakutana na harufu ya jani bichi, tui, pilipili manga na ubani kwa mbali, anaipenda na kulipa. Akifika nyumbani anajipuliza, na kabla ya jioni anaambiwa kwamba ananukia pilau, au dawa ya kikohozi, au hanukii chochote. Dada yake akijipuliza kutoka chupa ileile, kila anayepita anauliza jina la manukato hayo.

Kosa hilo nami nimelifanya. Nilinunua chupa ya mililita 100 kwa kutegemea kikaratasi peke yake, nikaivaa kwenye harusi ya binamu yangu mwezi wa Februari, katika ukumbi wenye feni mbili tu. Kabla chakula hakijaletwa, aliyekaa kando yangu alishaanza kusifia pilau.

Kikaratasi hakina joto, hakina mafuta na hakitoi jasho, kwa hiyo hakiwezi kukueleza manukato yatakuwaje mwilini. Watu wengi hufupisha jambo hili kwa kusema kwamba pafyumu "haijanikubali", kana kwamba ni suala la damu au bahati. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya tofauti kati ya mvaaji mmoja na mwingine hutokana na vitu vinavyoweza kuonekana na kubadilishwa, yaani mafuta yaliyopakwa, sabuni iliyotumika, ukavu wa ngozi, joto, jasho na pua ya anayenusa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitenganisha vitu hivyo kwa siku mbili, ukiwa na manukato kidogo sana, kabla hujanunua chupa nzima.

## Vifaa unavyohitaji

- Manukato mililita 5 katika kichupa cha glasi, yote kutoka chupa moja.
- Bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yake. Maduka ya dawa huuza.
- Sabuni moja isiyo na harufu, itakayotumiwa na washiriki wote.
- Mafuta ya mgando yasiyo na harufu.
- Karatasi nyeupe nene, iliyokatwa vipande vyenye upana wa kidole.
- Vipande vya kitambaa cha pamba vilivyosuuzwa vizuri hadi visibaki na harufu ya sabuni.
- Kitambaa cha kufunga macho, daftari, kalamu na simu ya kuhesabu muda.
- Wavaaji 5 na wanusaji 2 ambao wenyewe hawatapakwa chochote.

Kuhusu kiasi, puliza moja ya chupa ya kawaida hutoa takribani mililita 0.1. Jaribio zima litatumia mililita 2 hivi, na kinachobaki ni akiba iwapo utalazimika kurudia.

Ukiwa dukani, soma boksi. Manukato yaliyoandikwa Eau de Parfum huwa na mafuta mengi ya harufu kuliko yaliyoandikwa Eau de Toilette, na uturi wa mafuta usio na spiriti hutembea polepole zaidi kuliko yote mawili. Usilinganishe aina tofauti katika jaribio moja.

## Hatua ya 1: Chagua wavaaji wanaotofautiana

Tafuta angalau mtu mmoja mwenye ngozi kavu, mmoja mwenye ngozi ya mafuta, mmoja anayejipaka mafuta ya nazi kila siku, mmoja anayetoka jasho kwa urahisi na mmoja ambaye nyumbani kwao hufukiza udi. Katika familia moja ya Dar es Salaam watu hao hupatikana bila kuvuka barabara.

Andika kila mmoja anatumia sabuni gani, mafuta gani na dawa gani ya kwapa, kwa sababu orodha hiyo ndiyo itakayokufafanulia matokeo ya siku ya pili.

Usimshirikishe mtu mwenye mafua, kwa kuwa pua yake haitafanya kazi. Mama mjamzito mwache apumzike, maana harufu nzito inaweza kumletea kichefuchefu.

Tahadhari. Karafuu na mdalasini vina kemikali zinazoweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu. Siku mbili kabla ya jaribio, mpake kila mshiriki tone dogo sana upande wa ndani wa kiwiko na mwache kwa saa 24 hadi 48. Akipata wekundu, mwasho au vipele, mtoe. Usimpake mtu penye kidonda au mahali palipotoka kunyolewa. Wala asijitokeze mtu wa kukamua maji ya majani ya mtini ili kupata harufu ya asili: utomvu wa mti huo ukikutana na ngozi kisha jua, unaweza kuunguza hadi kutoa malengelenge.

## Hatua ya 2: Safisha ngozi ili wote waanzie mahali pamoja

Usiku wa kuamkia jaribio, kila mvaaji aoge kwa sabuni isiyo na harufu na asijipake kitu chochote mikononi. Asubuhi aoshe mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko kwa sabuni hiyohiyo, asuuze vizuri, kisha asubiri dakika 30 ili ngozi ikauke na kurudi katika joto lake la kawaida.

Sababu ya usumbufu huu ni kwamba losheni na sabuni zenye manukato hubaki kwenye ngozi kwa saa nyingi. Anayenusa hufikiri kwamba anapokea tini, kumbe nusu ya anachopokea ni waridi la sabuni ya jana. Nguo nazo zina neno: baibui au kanzu iliyofukizwa udi itaongeza ubani kwenye kila mkono utakaosogezwa karibu nayo, kwa hiyo siku ya kwanza wote wavae nguo zilizofuliwa na kuanikwa nje.

Utajua umefanikiwa ukinusa mkono wa kila mmoja na usiweze kusema ni wa nani.

## Hatua ya 3: Andaa chumba na saa

Anza saa 2 asubuhi, kabla joto halijapanda. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar es Salaam huzidi nyuzi 30 mara kwa mara, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho hukaa kwenye ngozi badala ya kukauka. Hali hiyo utaihitaji siku ya pili. Siku ya kwanza unahitaji utulivu.

Chumba kisiwe karibu na jiko, na madirisha yafunguliwe. Feni izimwe wakati wa kunusa, kwa sababu huchanganya harufu za mikono yote. Zima chetezo na uondoe mkaa wenye moto chumbani: manukato yana spiriti nyingi na hushika moto haraka.

## Hatua ya 4: Weka manukato kwa kiasi kilekile

Vuta manukato kwa bomba, weka mililita 0.1 upande wa ndani wa mkono wa kushoto wa kila mvaaji, kati ya kifundo na kiwiko, kisha usambaze kwa ncha ya bomba katika eneo lenye ukubwa wa sarafu mbili. Weka kiasi hichohicho kwenye kipande kimoja cha karatasi na kimoja cha pamba. Andika saa.

Nimependekeza bomba kwa sababu kupuliza kunadanganya. Anayepuliza kwa mbali hupoteza sehemu hewani, na anayepuliza kwa karibu huacha dimbwi, halafu tofauti ya kipimo inahesabiwa kuwa tofauti ya ngozi.

Wavaaji wasisugue mikono. Kusugua huongeza joto, huharakisha harufu nyepesi kuruka, na huhamishia sehemu ya manukato mahali pengine.

## Hatua ya 5: Nusa kwa ratiba, macho yakiwa yamefungwa

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiharibu kwa haraka zao. Wananusa ndani ya sekunde kumi, wakati spiriti bado inachoma pua, wanatoa hukumu na mambo yanaishia hapo. Manukato ya aina hii yana safari ndefu, na uzuri au ubaya wake hujulikana saa kadhaa baadaye.

Mfunge mnusaji macho. Wavaaji wakae kimya na waje mmoja mmoja kwa mpangilio unaobadilika kila raundi. Mnusaji anuse kwanza kwa umbali wa shibiri moja, kisha karibu kabisa, na atoe alama kuanzia 0 hadi 5 kwa vitu vinne: jani bichi, tui au maziwa, viungo, na ubani. Baada ya alama aseme sentensi moja kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu neno kama "kashata" au "godoro jipya" lina habari nyingi kuliko tarakimu.

Kati ya mkono na mkono apumzike dakika moja akivuta hewa ya dirishani. Kunusa buni za kahawa, kama wafanyavyo madukani, hakupumzishi pua kuliko hewa ya kawaida.

Ratiba na mambo ya kutarajia ni kama ifuatavyo.

Dakika ya 5. Spiriti imekwisha kuruka. Zinazotangulia ni chembe nyepesi: ukijani wa jani lililofikichwa, pilipili manga, iliki na pengine ngozi ya ndimu. Wavaaji wote hufanana sana wakati huu, na ndiyo maana kujaribu dukani kwa dakika tano hakukufundishi kitu.

Dakika ya 30. Sasa tini yenyewe inajitokeza, na hapa inafaa ujue imetengenezwaje. Harufu ya tini iliyomo kwenye chupa kwa kawaida haikamuliwi kutoka katika tunda. Mtunzi wa manukato huijenga kwa kuunganisha kemikali zenye ukijani wa jani na nyingine ziitwazo laktoni, ambazo hunukia nazi, maziwa na tunda lililoiva. Msomaji wa Dar es Salaam anayeijua tini ile kavu inayouzwa pamoja na tende wakati wa Ramadhani asishangae kukuta harufu iliyo karibu zaidi na dafu na majani kuliko na tunda hilo.

Tofauti za ngozi huanza kuonekana hapa. Kwenye ngozi kavu, ukijani hutoweka mapema, na viungo, hasa karafuu, hubaki vikali bila kitu cha kuvilainisha. Kwenye ngozi yenye mafuta yake ya asili, laktoni hushikwa na kuachiliwa polepole, kwa hiyo mtu hunukia tui zaidi kuliko viungo.

Saa ya 3. Pilipili manga na iliki zimekwisha. Karafuu na mdalasini vinapungua, huku ubani, manemane au utomvu mwingine wa mti ukipanda. Chembe zake ni nzito na huondoka mwisho. Kwenye ngozi ya mafuta huwa tamu na nene kama sandarusi iliyopashwa moto, na kwenye ngozi kavu huwa nyembamba na zenye moshi.

Saa ya 6. Linganisha mikono na karatasi na pamba. Karatasi mara nyingi bado itakuwa na ukijani kidogo ambao mikono imeupoteza zamani, kwa sababu haina joto la mwili la kuusukuma. Pamba nayo huhifadhi harufu kwa muda mrefu kuliko ngozi, jambo la kukumbuka ukifika hatua ya 7.

Usimwulize mvaaji mwenyewe kama bado ananukia. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo daima na kuacha kuitambua, hata kama aliyeketi jirani anaisikia waziwazi. Malalamiko mengi ya "inapotea baada ya saa moja" yamezaliwa hapo. Mwite mtu aliyekuwa nje, aingie, anuse.

Utajua hatua imefanikiwa ikiwa wanusaji wako wawili, bila kusikilizana, wamewapanga wavaaji karibu sawa. Wakitofautiana sana juu ya mkono uleule, chunguza pua kabla ya kuilaumu ngozi: wako watu wenye afya kamili wasioweza kabisa kunusa baadhi ya chembe za miski, na kwao manukato hayo yatakuwa na pengo ambalo wengine hawalioni.

## Hatua ya 6: Siku ya pili, rudisha maisha ya kawaida

Mkono wa kushoto uoshwe kama siku ya kwanza na uachwe mtupu. Mkono wa kulia mvaaji ajipake anachojipaka kila siku, kwa kiasi chake cha kawaida. Weka manukato mikono yote miwili, nusa kwa ratiba ileile, lakini kati ya dakika ya 30 na saa ya 3 mvaaji atoke: aende sokoni, apande daladala, arudi. Mkono ukiwa juani aufunike kwa mkono wa nguo au khanga, kwa sababu baadhi ya mafuta ya ndimu na jamii yake humfanya mtu aungue kwa jua.

Somo kubwa kuliko yote nililipata kwa shangazi yangu wa Magomeni. "Shikamoo, shangazi. Naomba mikono yako." "Marahaba, mwanangu, ila huu wa kulia nimeshaupaka mafuta yangu ya nazi." Nikamwambia hayo ndiyo ninayoyataka. Baada ya nusu saa, mkono wa kushoto ulikuwa na jani bichi na pilipili manga, na ukiuvuta karibu, ubani wa mbali. Mkono wa kulia ulinukia kashata inayotolewa sufuriani: sukari, nazi iliyokaangwa, iliki kidogo. Jani halikuwepo tena. Alikuwa mwanamke yuleyule, mwenye damu ileile, na ngozi yake haikuwa imebadilika kati ya mkono na mkono. Laktoni za tini zilikutana na nazi iliyokuwepo, zikaungana nayo, na ukijani ukafunikwa.

Jambo hilo si baya lenyewe. Shangazi aliupenda mkono wa kulia kuliko wa kushoto, na tangu hapo hujipaka hivyo kwa makusudi. Ila angalia mafuta yenyewe yasiwe yamechacha, kwa sababu uchachu wake utaonekana kuwa kasoro ya manukato.

Kwa anayetoka jasho, tazama kinachotokea akirudi kutoka kwenye daladala. Jasho jipya la mkononi ni maji na chumvi, karibu halina harufu. Linachofanya ni kuosha sehemu ya manukato, huku joto likisukuma iliyobaki iruke kwa nguvu. Viungo vitavuma kwa muda mfupi, kisha vitazimika. Kama manukato yana bizari nyembamba ndani yake, kuwa mwangalifu zaidi, maana pua za watu wengi huihusisha harufu hiyo na jasho la kwapa. Mvaaji ataonekana hakuoga ilhali ameoga.

## Hatua ya 7: Soma matokeo na urekebishe

Linganisha mkono wa kushoto wa siku ya kwanza na mikono miwili ya siku ya pili. Kama mikono mitupu ya wavaaji wote inakaribiana na iliyopakwa mafuta ndiyo inayotofautiana, chanzo ni mafuta. Kama hata mikono mitupu inatofautiana, chanzo ni ngozi yenyewe, hasa ukavu wake.

Mwenye ngozi kavu anayebaki na karafuu tupu apake mafuta ya mgando kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele, mahali pa manukato, dakika chache kabla. Mafuta hayo hayana harufu, nayo huipa tini kitu cha kushikilia. Marekebisho haya ndiyo yaliyoniokolea ile chupa yangu ya harusini.

Anayenukia utamu uliopitiliza abadilishe mafuta ya nazi kwa mafuta yasiyo na harufu siku anayovaa tini. Anayetoka jasho jingi apulize kwenye nguo ya pamba badala ya shingoni, lakini kwanza ajaribu kwenye pindo la ndani: manukato yenye utomvu mwingi huwa na rangi ya kahawia, na doa lake kwenye kanzu nyeupe halitoki kirahisi.

Mwenye nguo zilizofukizwa udi atakuta ubani umeongezeka maradufu na tini imezama. Achague kimoja: afukize na kuacha kujipuliza, au avae nguo isiyofukizwa.

## Hatua ya 8: Amua kiasi, kisha ununue

Rudia peke yako kwa siku moja ya kazi, ukitumia marekebisho yaliyokufaa. Anza na puliza moja kifuani, chini ya nguo. Ndani ya basi la Mwendokasi lililojaa, puliza tatu za manukato yenye karafuu na ubani ni mzigo kwa watu wasioweza kusogea. Katika ofisi yenye kiyoyozi harufu husambaa kwa uchache zaidi na puliza mbili huvumilika.

Saa ya 3 mwombe mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini wakueleze wananusa nini, bila kuwatajia tini. Wakikutajia jani, maziwa, mti au ubani, nunua chupa ya mililita 30. Wakikutajia chakula au dawa, rudi hatua ya 6 na ubadilishe kitu kimoja tu, mafuta au sabuni, kisha ujaribu tena kwa ile akiba iliyobaki kwenye kichupa.